Kabla ya kuchangia pampu ya moyo, kagueni nyumba itakakoenda

Michango ya matibabu ya moyo nje ya nchi huanza na bei ya kifaa. Familia inaletewa makadirio ya hospitali, kundi la WhatsApp linafunguliwa, na lengo linakuwa tarakimu moja: pampu, upasuaji, tiketi. Kwa maoni yetu hiyo ni nusu ya hesabu. Pampu za leo zimefika mahali ambapo mota yenyewe ndiyo sehemu ya kuaminika kuliko zote. Kinachowaumiza wagonjwa kiko nje ya mota: kuchelewa kuwekewa, tundu la tumboni inakotokea kebo ya umeme ya pampu, damu isiyodhibitiwa, na umeme. Hayo yote hupangwa kabla ya siku ya upasuaji, na matatu kati yake hupangwa nyumbani.

Tuchukue mfano wa HeartMate 3 ya kampuni ya Abbott. Tangu Medtronic ilipositisha uuzaji wa pampu yake ya HVAD mwezi Juni 2021, kwa sababu ya viharusi na pampu zilizokataa kuwaka tena baada ya kuzimwa, HeartMate 3 ndiyo inayotumika kwa watu wazima katika vituo vingi duniani. Moyo wa mgonjwa hautolewi. Daktari anatoboa ncha ya chumba cha chini cha kushoto, anashona pete, na pampu inafungwa hapo, ndani ya kifua. Damu inaingia kutoka kwenye chumba hicho, inasukumwa na rota, yaani gurudumu linalozunguka ndani ya pampu, inapita kwenye bomba la kitambaa lenye kipenyo cha milimita 14 na kuingia kwenye aota, mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini. Rota inaelea kwa nguvu ya sumaku bila kugusa chochote, kwa hiyo hakuna beringi ya kusagika. Wengi huwekewa kasi ya kati ya mizunguko 5,000 na 6,000 kwa dakika, na pampu inaweza kusukuma hadi lita 10 kwa dakika. Kila sekunde 2 kasi hushuka kwa mizunguko 2,000, hupanda ghafla kupita kiwango kilichowekwa, kisha hurudi. Badiliko hilo la ghafla huiosha pampu ili damu isipate nafasi ya kutulia na kuganda.

Matokeo yake yanaonekana. Katika utafiti wa MOMENTUM 3 uliofanyika Marekani kwa wagonjwa 1,028, damu kuganda ndani ya pampu kwa miaka 2 ilikuwa asilimia 1.4 kwa waliowekewa HeartMate 3, na asilimia 13.9 kwa waliowekewa pampu iliyoitangulia, HeartMate II. Kiharusi kilikuwa asilimia 9.9 dhidi ya 19.4. Baada ya miaka 5, asilimia 58.4 ya wenye pampu mpya walikuwa hai. Ukikumbuka kwamba mwaka 2001, katika utafiti wa REMATCH, asilimia 52 tu ya waliowekewa pampu za wakati ule walimaliza mwaka mmoja, utaona safari iliyopigwa. Jambo moja halikusogea: maambukizi ya kebo. Pampu mpya na ya zamani zilikaribiana hapo, kwa kuwa ngozi iliyotobolewa ni ile ile.

Tuanze na kuchelewa, maana ndiko kunakopoteza watu wengi kabla hata ya kufika kwenye pampu. Madaktari hupanga wagonjwa wa moyo ulioshindwa kwa ngazi 1 hadi 7. Ngazi ya 1 ni mgonjwa anayezama: presha haishiki hata kwa dawa za sindano, figo zinafunga, vipimo vya ini vinapanda. Ngazi ya 2 anatumia dawa za sindano na bado anateremka. Ngazi ya 3 ametulia, lakini hawezi kuachishwa dawa hizo. Ngazi ya 4 yuko nyumbani na anahema hata akiwa amekaa. Anayefunguliwa kifua akiwa ngazi ya 1 ana hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko wa ngazi ya 3, hata kama pampu ni ile ile na daktari ni yule yule. Ndiyo maana vituo vizuri humtuliza kwanza kwa mashine ya muda mfupi kama ECMO, inayofanya kazi ya moyo na mapafu nje ya mwili; figo zikirudi ndipo pampu ya kudumu inafikiriwa.

Kwetu mgonjwa huanza kufikiriwa safari akishafika ngazi ya 2. Amekwishachelewa. Dalili za kutaka maoni ya kituo cha pampu huonekana mapema zaidi: amelazwa kwa moyo zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, dozi ya dawa ya kukojoza inapanda na miguu bado inavimba, namba ya juu ya presha inakaa chini ya 90, dawa alizozivumilia mwaka jana leo zinamwangusha, kreatinini, kipimo cha figo, inapanda. Mbili au tatu kati ya hizo zikikutana, huo ndio wakati wa kutuma faili, wakati bado anaweza kupanda ndege akiwa amekaa kwenye kiti.

Pampu inasaidia upande wa kushoto tu. Upande wa kulia unabaki kufanya kazi kwa nguvu zake, na sasa unaletewa damu nyingi kuliko ulivyozoea. Ukishindwa, pampu inakosa cha kusukuma, ini linajaa, tumbo linavimba maji. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, mgonjwa apimwe shinikizo kwa katheta, yaani mrija mwembamba, ndani ya moyo na kwenye mishipa ya mapafu. Kipimo hicho kina faida nyingine: shinikizo la mapafu likiwa juu sana, moyo mpya ukipandikizwa utashindwa kulikabili, na mgonjwa anakataliwa. Pampu ikipunguza mzigo wa upande wa kushoto kwa miezi kadhaa, shinikizo hilo mara nyingi hushuka, na aliyekataliwa anaweza kurudishwa kwenye orodha.

Valvu nazo zinahitaji kuangaliwa kwa makini, hasa katika nchi zetu ambako homa ya baridi yabisi bado inaharibu mioyo ya vijana. Valvu ya mitrali iliyobana huzuia damu isifike kwenye pampu, lazima irekebishwe. Valvu ya aota inayovuja hufanya damu iliyosukumwa kurudi kwenye chumba kilekile na kuzunguka bila kufika mwilini. Lazima ibadilishwe au ifungwe. Tundu kati ya vyumba vya juu vya moyo nalo huzibwa siku hiyohiyo, la sivyo damu isiyo na oksijeni itavutwa upande wa kushoto. Kila moja ya kazi hizo huongeza muda wa upasuaji, na ikisahaulika kwenye makadirio, bili hubadilika mgonjwa akiwa mezani.

Kuna kundi moja ambalo tungeomba lisikimbizwe kwenye pampu: akina mama waliopata udhaifu wa moyo mwishoni mwa ujauzito au miezi michache baada ya kujifungua. Wengi wao hupona kwa dawa. Hata wanaolazimika kuwekewa pampu, baadhi moyo hurudi na pampu ikatolewa. Hospitali ya Harefield, Uingereza, ilionyesha mwaka 2006 kwamba kati ya wagonjwa 15 waliochaguliwa kwa uangalifu, wenye misuli ya moyo iliyodhoofika bila mishipa kuziba, na wakapewa dawa kwa mpango maalumu wakiwa na pampu, 11 walitolewa pampu zao bila kupandikizwa. Anayemhudumia mama wa aina hiyo aulize mapema kama kituo kinapima uwezekano wa moyo kupona, maana wapo wanaoweka pampu na kusubiri moyo wa marehemu tu.

Sasa kusubiri kwenyewe. Hapa ndipo familia nyingi hupewa picha isiyo kamili. Moyo uliotolewa kwa marehemu unatakiwa uwe umepandikizwa ndani ya takriban saa 4. Mgonjwa aliye kwenye orodha ya Chennai, India, hawezi kusubiri akiwa Mwanza au Mombasa. Ni lazima akae karibu na hospitali, na mtu wa kumhudumia, kwa kodi ya nyumba, viza na chakula, kwa muda usiojulikana. Na utaratibu wa India wa kugawa viungo huwatanguliza wagonjwa wa nchi hiyo. Raia wa kigeni huangaliwa pale asipopatikana Mhindi anayefaa. Hilo ni haki yao, hatulilaumu. Lakini familia iambiwe wazi kwamba kuna mipango miwili tofauti. Wa kwanza ni pampu na kubaki kule kusubiri. Wa pili ni pampu na kurudi nyumbani, na huo kwa vitendo ni pampu ya kudumu. Anayerudi nyumbani akiamini bado yuko kwenye foleni anaishi kwa matumaini ambayo saa nane za safari zimeyafuta.

Kwa ndugu walioko Marekani hali ni nyingine. Mwezi Oktoba 2018 orodha ya kusubiri moyo wa kupandikizwa iligawanywa upya katika ngazi 6 zake yenyewe, ya 1 ikitangulia, na mwenye pampu aliyetulia nyumbani yuko ngazi ya 4. Ana siku 30 za kuchagua kuwa ngazi ya 3. Zikiisha, kwa kawaida anarudi ya 4, isipokuwa apate tatizo la pampu. Wanaopanda juu ni waliolazwa na mashine za muda. Kwa mwenye kundi la damu la O foleni huwa ndefu zaidi, kwa kuwa anaweza kupokea moyo wa O peke yake. Tunaona mpangilio huu unawaadhibu waliofanya kila kitu sawasawa, lakini ndio uliopo, na mgonjwa aujue kabla ya kuweka saini.

Anayesubiri moyo ana sababu ya ziada ya kuogopa kuongezewa damu. Kila chupa inaweza kuufundisha mwili kutengeneza kingamwili dhidi ya tishu za watu wengine, na kingamwili zikizidi, mioyo inayomfaa inapungua. Pampu yenyewe nayo huchochea hali hiyo. Ikilazimu kuongezwa damu, iwe iliyochujwa chembe nyeupe. Hospitali ya wilaya isipoambiwa hili kwa maandishi, haitabuni.

Turudi nyumbani, kwenye kebo. Inatoka kwenye pampu, inapita chini ya ngozi na kuchomoza ubavuni mwa tumbo. Ngozi ikishikana nayo vizuri, kidonda kinakauka na kukaa hivyo kwa miaka. Ikivutwa mara moja tu kwa nguvu, mshikamano unachanika na bakteria wa ngozini wanapata njia. Ajali ya kawaida hutokea chooni: mgonjwa anafungua mkanda, kidhibiti, yaani kompyuta ndogo yenye uzito inayoendesha pampu na iliyokuwa kiunoni, kinaanguka na kubaki kinaning'inia kwenye kebo. Dawa yake ni mkoba wa kidhibiti uliofungwa kwa mkanda wake wenyewe, mbali na mkanda wa suruali, na kibandiko cha kushikilia kebo kilichobandikwa tumboni sentimita chache kutoka kwenye tundu, ili ikivutwa, kinachoumia kiwe kibandiko.

Kubadilisha bandeji kuna utaratibu wake. Funga madirisha, zima feni. Hili la feni husahaulika sana katika joto la pwani, na ndilo linalopeperusha vumbi juu ya kidonda kilicho wazi. Mgonjwa na anayemhudumia wote wavae barakoa. Nawa mikono kwa sabuni, vaa glovu safi, toa bandeji ya zamani, uitazame na kuinusa. Vua glovu, nawa tena, vaa glovu tasa. Safisha kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, kuanzia kwenye tundu kwenda nje kwa duara, usirudi ndani na pamba ileile. Acha ikauke yenyewe, usipulize, usipepee. Weka bandeji tasa, rudisha kibandiko. Hakuna poda, hakuna asali, hakuna mafuta ya aina yoyote. Ukiona wekundu unaopanuka, majimaji, harufu au maumivu mapya, sampuli ya kuotesha ichukuliwe kabla ya kidonge cha kwanza cha antibiotiki. Antibiotiki ya kununua dukani kwa kubahatisha huficha bakteria, na maambukizi hutembea polepole kando ya kebo hadi kwenye pampu, mahali ambapo dawa pekee haiwezi kuyamaliza. Kuogelea na kujitumbukiza kwenye maji, iwe baharini au kwenye beseni, hakuruhusiwi tena.

Damu. Mgonjwa anakunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, inatakiwa ikae kati ya 2 na 3. Chini ya hapo kuna kiharusi cha damu kuganda, juu yake kuna kuvuja damu. Aspirini iliyokuwa ikipewa kila mtu sasa inaachwa katika vituo vingi kwa wenye HeartMate 3, baada ya utafiti wa ARIES wa mwaka 2023 kuonyesha kwamba bila aspirini kuvuja damu kunapungua na kuganda hakuongezeki; anayeitumia asiiache bila kuongea na timu yake. Kuvuja kwenye utumbo ni tatizo linalotokana na pampu yenyewe: mzunguko wake hukatakata protini inayosaidia damu kushika, na mishipa midogo dhaifu huota kwenye utumbo. Choo cheusi ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Kwetu kinachoivuruga INR zaidi ni duka la dawa la mtaani. Metronidazoli, septrini na flukonazoli huipandisha. Diklofenaki na ibuprofeni huongeza kuvuja hata INR ikiwa nzuri. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huishusha kwa nguvu kiasi kwamba dozi ya warfarini inaweza kuhitaji kuongezwa mara kadhaa, na siku rifampisini inapomalizika ni lazima ishushwe tena kwa uangalifu katika wiki zinazofuata. Katika nchi zenye kifua kikuu kingi, kipimo cha TB kabla ya pampu ni lazima. Mchicha, kisamvu na sukuma wiki havikatazwi. Vinatakiwa kuliwa kwa kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Mashine ndogo ya kupima INR kwa tone la damu la kidoleni, pamoja na vijiti vyake, iingie kwenye bajeti ya mchango.

Presha haipimwi kwa mashine ya kawaida, kwa sababu mapigo ni hafifu au hayapo kabisa. Unahitaji kikanda cha mkononi na doppla ndogo, kifaa kinachogeuza mwendo wa damu kuwa sauti: unajaza kikanda hadi sauti ikatike, unatoa upepo taratibu, na namba ambayo sauti inarudi ndiyo presha. Lengo la kawaida ni kati ya 70 na 90. Ikizidi, hatari ya kiharusi inapanda na pampu inasukuma kidogo, kwa kuwa inapambana na mlango uliobana. Nunua doppla ya mishipa ya damu, ya takriban megahetsi 8. Ile ya wakunga imetengenezwa kusikiliza kilicho mbali zaidi, ndani ya tumbo, na kwenye kiwiko itakusumbua.

Umeme ndio mtihani wetu mkubwa. Mchana mgonjwa anatembea na betri mbili. Jozi mpya iliyojaa inaweza kufika saa 17, na hupungua kadiri zinavyozeeka. Mtengenezaji anazihesabu kuwa zimechoka baada ya kuchajiwa mara 360 au miaka 3. Ndani ya kidhibiti kuna betri ya dharura ya dakika 15 hivi. Hiyo ni ya kuokoa maisha wakati wa kubadilisha, isitumiwe kama akiba. Betri hubadilishwa moja moja. Hakikisha taa za betri mpya zinaonyesha imejaa, chomoa moja, ingiza mpya hadi isikike imebana, subiri kidhibiti kiitambue, ndipo uiguse ya pili. Ukichomoa zote kwa pamoja umemwachia mgonjwa ile ya dakika 15. Pampu ikisimama kabisa, haina valvu ya kuzuia: damu ya aota inarudi nyuma kupitia bombani hadi kwenye moyo, na mgonjwa anakuwa na hali mbaya kuliko asingekuwa na pampu.

Usiku anachomekwa kwenye umeme wa ukutani kupitia kifaa chake maalumu, kwa sababu aliyelala fofofo anaweza asisikie kengele ya betri. Kwa nyumba ya Dar es Salaam, Kampala au Goma maana yake ni kwamba lazima kuwe na mtu anayeamka umeme ukikatika na kumhamishia kwenye betri zilizojaa. Soketi iwe na waya wa ardhini, isiwe ya kuwashwa kwa swichi ambayo mtoto anaweza kuizima, na ekstensheni isitumike. Chaja ipate umeme wa inveta au sola kwa saa za kutosha kujaza jozi mbili kwa siku hata kukiwa na mgao wa siku nzima, na jenereta ijaribiwe kabla mgonjwa hajarudi.

Skrini ya kidhibiti huonyesha namba nne: kasi, mtiririko, nguvu kwa wati, na kipimo cha mapigo. Ziandikwe kila asubuhi kwenye daftari pamoja na uzito. Mtiririko haupimwi moja kwa moja. Unakokotolewa kutoka kwenye kasi na wati, ndiyo maana daftari lina thamani kuliko namba ya siku moja. Mtiririko ukishuka chini ya lita 2.5 kengele inalia, na sababu ya kwanza ya kuifikiria kwetu ni upungufu wa maji: kuharisha, kutapika, jua kali, dozi kubwa ya dawa ya kukojoza. Damu ikiwa chache pampu huvuta ukuta wa moyo, kama mrija kwenye dafu lililokwisha maji, na moyo huanza kupiga ovyo. Mgonjwa Mwislamu aongee na timu yake wiki kadhaa kabla ya Ramadhani. Sababu nyingine ni presha ya juu, kuvuja damu, upande wa kulia kushindwa, au bomba la kutolea damu kubanwa. Mwezi Aprili 2024 mamlaka ya Marekani, FDA, ilitangaza onyo la daraja la juu kabisa kuhusu mabaki yanayojikusanya taratibu nje ya bomba hilo, kwenye kifuniko chake, na kulibana. Mtiririko unaoshuka kidogo kidogo kwa miezi kwa mgonjwa wa miaka kadhaa unahitaji picha ya CT. MRI, kipimo cha sumaku kubwa, hairuhusiwi kabisa.

Mwisho, barua. Iandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, moja ibandikwe mlangoni, nyingine ikae kwenye mkoba wa betri, na ya tatu ipelekwe kwenye hospitali ya karibu kabla ya dharura yoyote. Iseme jina la pampu, kasi iliyowekwa, lengo la INR na la presha, kundi la damu, damu iliyochujwa pekee, hakuna MRI, na simu ya kituo cha pampu inayopokelewa saa 24. Iseme pia kwamba kukosa mapigo mkononi hakumaanishi amekufa: msaidizi aweke sikio au stetoskopu kifuani asikilize mvumo wa pampu, atazame rangi ya midomo na kama anahema, akague kebo na betri zote zimeshika. Mvumo ukiwepo na mgonjwa hajitambui lakini anahema na rangi yake ni nzuri, apimwe sukari na presha kwa doppla na afikiriwe kiharusi. Akiwa hajitambui na hahemi au rangi imepotea, akandamizwe kifua mara moja, huku mwingine akisikiliza mvumo, akikagua kebo na betri na, pampu ikiwa kimya, kuunganisha kidhibiti cha akiba.